Mtoto wa Mikono, Mtoto wa Kitabu

Huwasikia wazazi hapa pwani: "Huyu wangu wa mikono, kitabu hakimwingii." Kisha humpeleka ufundi kama adhabu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walichunguza dai kwamba kila mtoto afundishwe kwa mtindo wake, wa macho au wa masikio. Kupendelea kupo, walisema. Kwamba kufundishwa hivyo humzidishia elimu, ushahidi wa kutosha hawakuuona. Kule Sigalagala, Kakamega, kwenye politekniki ya kitaifa, anayesomea umeme hushika waya na hupiga hesabu. Nasi chuoni tulisoma kwa sikio, ulimi na kalamu. Naona tusimfungie mtoto milango tukamwachia mmoja.