Mafuta ya Taa na Hadithi za Upelelezi

Mtu aliyerudi kutoka shambani au afisini saa kumi na moja, akala chakula chake, akasikiliza mashtaka ya watoto na kuhesabu fedha za karo, hubakiwa na saa moja tu, au mbili, kabla ya kushindwa na usingizi. Kwa hiyo kujua ni kitabu gani kifunguliwe usiku si jambo dogo kwake. Walimu wengi wangemjibu bila kusita: asome historia, asome ukulima bora, asome maisha ya watu wakubwa, hadithi za wauaji na wapelelezi ni kama peremende, tamu mdomoni na mbaya kwa meno. Lakini mtu huyo huyo aliyeonywa hukutwa usiku wa manane, taa inatoa moshi, mkewe amekwisha kumwita mara tatu, naye bado anatafuta kujua ni nani aliyemwua tajiri.

Ajabu ni kwamba mmoja wa watu waliozidharau sana hadithi hizi hakuwa mwalimu, bali ndiye mtungaji wake mashuhuri. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari katika mji wa Edinburgh. Huko alimwona mwalimu wake, Daktari Joseph Bell, akimtazama mgonjwa aliyeingia mlangoni, na kumwambia kazi anayofanya na alikotoka kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Kwa mfano wa mtu huyo akamtunga mpelelezi Sherlock Holmes, aliyetokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1887. Watu wakampenda Holmes kupita kiasi. Doyle mwenyewe alitaka asifiwe kwa hadithi zake za historia, kama The White Company ya mwaka 1891, akaona kwamba mpelelezi huyu anamzuia asifanye kazi ya maana. Basi mwaka 1893 akamwua, akimtosa katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, nchi ya Uswisi. Wasomaji walighadhibika mno. Mwaka 1901 Doyle akaanza kutoa hadithi nyingine ya Holmes, na mwaka 1903 ikambidi amfufue kabisa, aeleze kwamba hakufa. Siku hizi Holmes ajulikana hata na watu wasiopata kusoma kitabu chake kimoja. The White Company yafunguliwa na wachache sana.

Yamkini mtu atasema kwamba huo si ushahidi, kwa kuwa watu wengi hupenda vitu vibaya. Ni kweli. Lakini na tutazame walichokipenda. Katika hadithi nzuri za Holmes damu ni haba. Kuna kofia iliyookotwa, kuna tope katika viatu, kuna majivu ya tumbaku. Katika moja iliyotolewa mwaka 1892, farasi wa mashindano atoweka zizini usiku, na jambo linalomfumbua macho Holmes ni kwamba mbwa aliyekuwa zamu hakubweka. Polisi walitafuta kelele. Yeye akauliza kwa nini palikuwa kimya, akatambua kwamba aliyeingia zizini alikuwa mtu ambaye mbwa alimzoea. Kila mwenye mbwa nyumbani alijua jambo hilo tangu utoto, lakini ni nani angelikumbuka? Karani anayekagua daftari la fedha aijua kazi hiyo: kosa lililoandikwa huonekana upesi, ila stakabadhi ambayo haikuandikwa kamwe huhitaji jicho la namna nyingine. Hali kadhalika mkulima ahesabuye ng'ombe jioni.

Bibi Agatha Christie wa Uingereza aliendelea mbele zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alifanya kazi katika chumba cha madawa cha hospitali, na huko ndiko alikojifunza habari za sumu ambazo baadaye zilijaa vitabuni mwake. Mwaka 1926 alitoa The Murder of Roger Ackroyd. Haifai kumfichulia siri ambaye hajakisoma. Yatosha kusema kwamba afikaye mwisho hurudi kwa hasira ukurasa wa kwanza, akitafuta mahali alipodanganywa, naye huona kwamba aliambiwa karibu yote, ila aliyapita mbio. Kitabu cha namna hii husomwa mara mbili, na mara ya pili ndiyo yenye faida. Vipo vingine, navyo ni vingi mno, ambavyo mwuaji akijulikana havina kitu tena, mfano wa gunzi lililokwisha kupukuchuliwa. Hivyo havistahili hata mafuta ya kibatari.

Huko kupita mbio kuna hasara nyingine, nayo haitajwi sana na walimu. Katika Afrika ya Mashariki wengi walionja utamu wa hadithi ndefu kwa mara ya kwanza katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Frederick Johnson mwaka 1929 kutoka kitabu cha H. Rider Haggard cha mwaka 1885. Si hadithi ya upelelezi, lakini ni ndugu yake. Watu wavuka jangwa na milima wakimtafuta ndugu aliyepotea, na almasi pia, na msomaji hapumui mpaka watoke pangoni. Njiani waona barabara kuu na masanamu makubwa ya mawe, na kitabu chayahesabu kuwa kazi ya wageni wa zamani sana, kana kwamba wenyeji wasingeweza kuyafanya. Ni nani angesimama kubishana na jambo hilo, hali mauti yawanyemelea wasafiri? Mwaka ule ule wa 1929 bibi mmoja mchimbuzi wa mambo ya kale, Gertrude Caton-Thompson, alichimba katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ambayo nayo yalikuwa yakisemwa kuwa kazi ya wageni wa namna hiyo. Alithibitisha kwamba yalijengwa na Waafrika, kama alivyokwisha kusema David Randall-MacIver mwaka 1905. Taarifa yake ilisomwa na wataalamu. Hadithi ya Haggard ilisomwa na watoto wa shule. Mwenye akili hatakitupa kitabu hicho, maana ni kitamu kweli, lakini na akisome penseli i mkononi.

Kwa bahati Kiswahili hakikukaa na tafsiri tu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa mhariri wa gazeti la kilimo lililoitwa Mkulima, alishinda mashindano ya hadithi yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipigwa chapa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko na ana rafiki wa kufuatana naye, Najum, na hapana shaka jamaa zake wako London. Wengine wamemlaumu mtungaji kwa sababu hiyo, na lawama hiyo ina haki yake. Tena mazungumzo mahali pengine ni marefu. Lakini jambo lenyewe si la London hata kidogo. Bwana mwenye mali aonekana amekufa mahali pa mzimu, na walio wengi wana jibu tayari. Bwana Msa hawatukani wala hawahubiri. Aketi, atia tumbaku, kisha auliza ni nani aliyefika pale na kwa haja gani.

Kitabu hicho chafaa kusomwa kwa sauti sebuleni, kwa Kiswahili ambacho hata asiyejua kusoma akifuata. Hapo ndipo mzee aliyekuwa akisinzia pembeni huinua kichwa na kusema, "Mwanangu, mizimu haina haja na mali ya mtu. Tazama wale wa nyumbani kwake." Na msomaji, akipandisha utambi kidogo, hujibu, "Ngoja, baba, bado sura nne."