Kipimo cha tabia ni cha nani? Somo kutoka kwa Biesheuvel

Poleni na mitihani, na wenye sapu poleni mara mbili. Leo sina stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Nataka kugombana na haya madodoso ya tabia tunayojazishwa kila tukiomba fildi au kazi.

Mnayajua. Maswali mia na kitu. "Napenda kuwa katikati ya watu." Nakubali sana, nakubali, sijui, nakataa, nakataa sana. Ukimaliza, kompyuta inakutemea herufi nne au rangi, halafu mtu ambaye hajawahi kukuona anaamua kama unaifaa kampuni. Na sisi huku hosteli tunayachukulia kama nyota za gazetini: mimi INFJ, wewe ESTP, ndo maana hatuelewani! (Kwa taarifa yenu, Isabel Briggs Myers, aliyezitengeneza hizo herufi akifuata mawazo ya mama yake, hakusomea saikolojia. Chuoni alisoma siasa, na riwaya ya upelelezi alishaitoa kabla ya hapo.)

Mimi nasema dodoso hilo halikutengenezwa ili wewe ujijue. Limetengenezwa kujibu swali la mwenye kazi. Na kwa sisi wa Ngokolo, Kahama mpaka Geita, ambako kusikia "kuna nafasi mgodini" mtaa mzima unaamka, yupo mtu inabidi tumfahamu. Anaitwa Simon Biesheuvel.

Alizaliwa Uholanzi 1908, akawa mwanasaikolojia Afrika Kusini. Mwaka 1939 mtaalamu mmoja kule, M. L. Fick, alikuwa ametoa kitabu akidai watoto Waafrika wana upungufu wa akili wa kuzaliwa nao. Biesheuvel akamjibu 1943 kwa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika: huwezi kumpima mtoto mwenye njaa, asiye na shule, kwa mtihani wa mtoto aliyeshiba, halafu ukasema umepima ubongo. Miaka ile, nchi ile, kusema hivyo ilikuwa kazi. Kwa hiyo wadau msije mkadhani namleta shetani hapa. Jamaa alikuwa na akili na alikuwa na hoja.

Wakati wa vita aliongoza kitengo cha vipimo cha jeshi la anga. Mwaka 1946 akapewa taasisi mpya ya taifa ya utafiti wa wafanyakazi, kule Johannesburg. Ushikeni huo mwaka 1946, nitaurudia.

Migodi ya dhahabu ilikuwa na tatizo. Wanakuja vijana maelfu kwa maelfu, lugha kibao, wengi hawajui kusoma, na kila mmoja lazima apangiwe kazi haraka. Taasisi ya Biesheuvel ikaunda mkusanyiko wa vipimo visivyohitaji lugha. Maelekezo yalitolewa kwa filamu isiyo na sauti: unaangalia mtu kwenye pazia anafanya, na wewe unafanya. Kuchambua nati na skrubu, kupanga vipande vya mbao, kuunganisha vyuma. Waliofanya vizuri walipelekwa kwenye kipimo cha uongozi: kikundi kinapewa kazi bila kiongozi, wataalamu wamekaa pembeni wanaangalia nani anashika usukani. Huyo ndiye nyapara. Mwingine anaenda kwenye mashine, wanaobaki wanaenda kupiga koleo.

Kitaalamu, kazi safi. Hata mimi nikisoma habari zake nasema huyu mzee alikuwa fundi.

Sasa turudi 1946. Agosti mwaka huohuo wachimbaji Waafrika zaidi ya elfu 60 waligoma kule Rand, wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi wakawarudisha shimoni kwa nguvu, wakafa wasiopungua tisa. Sheria ya ubaguzi migodini, ya 1911 na nyongeza yake ya 1926, ilikuwa palepale: Mwafrika hata angepata alama zote kwenye skrubu na nati, cheti cha kulipua baruti hapewi. Kizuizi hicho kilidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980! Na Francis Wilson, mchumi aliyepiga hesabu za mishahara ya migodi ile, aliona kwamba thamani halisi ya mshahara wa mchimbaji Mwafrika mwaka 1969 haikuwa imezidi ile ya 1911.

Kwa hiyo kipimo kilijua nani anafaa kuwa nani, ila chini ya dari tu. Swali la "kwa nini dari iko hapo" halikuwa na kisanduku cha kuweka tiki. Biesheuvel mwenyewe mwaka 1962 aliiacha taasisi akaenda South African Breweries kushughulikia wafanyakazi. (Ndio, walewale walioingia TBL mwaka 1993.)

Najua kuna mtu anasema Afrika Kusini inatuhusu nini. Baba, WENELA ilichukua vijana Tanganyika pia, hasa upande wa Mbeya, kwenda migodi ileile, mpaka serikali ya Uhuru ilipofunga mlango. Na mgodi wa Geita ulioanza 2000 ni wa AngloGold Ashanti, kampuni yenye mizizi kwenye dhahabu ya Johannesburg. Sisemi skrubu na nati za Biesheuvel zinatumika Geita. Nasema mpimaji anaweza kuwa mwema kabisa, mwenye kulipia kipimo ndiye anayeandika swali.

Mfano. Mimi nasoma jiolojia. Mwaka jana niliomba fildi kampuni moja, jina naliacha. Kwenye dodoso kulikuwa na sentensi: "Hufuata maelekezo hata nisipokubaliana nayo." Nikajaza "nakataa". Jibu likaja kwamba tabia zangu "haziendani na nafasi". Hakuna aliyeniuliza kama naweza kusoma ramani ya miamba! Jamani, chini ya ardhi, mwamba umeanza kutoa ufa, unamtaka nani: anayesema "hapa hatuingii" au yule aliyejaza "nakubali sana"?

Na si kwamba vinabashiri sana. Paul Sackett na wenzake walipopitia upya tafiti za ajira mwaka 2022, usaili uliopangwa, wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji, ulikaa juu kabisa. Vipimo vya jumla vya tabia vilikuwa chini sana. Ila kukaa na mtu ukamsikiliza ni gharama, kumtumia linki ni bure.

Kwa hiyo wale mnaouziwa "majibu sahihi" ya dodoso huko kwenye magrupu, hifadhini hela ya wali maharage. Fanyeni kitu kingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Inakupa haki ya kuomba kuona taarifa zako anazoshika mtu mwingine, na ina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Andika barua ya adabu: naomba matokeo yangu, na mnieleze kila kipengele kinahusiana vipi na kazi niliyoomba.

Yangu nimeshaipeleka, nakala ninayo yenye muhuri wa kupokelewa. Anayetaka kuiga muundo wake anicheki chumbani, aje na karatasi yake maana wino wa printa mnaumaliza nyie nyie.