Meza Iliyokunjwa

Azimio la Ottawa la tarehe 19 Septemba 1996, lililozaa Baraza la Aktiki, lina tanbihi ambayo msomaji mwenye haraka ataipita bila kuiona. Tanbihi hiyo inasema Baraza lisijihusishe na usalama wa kijeshi. Kanada, Denmark, Finland, Iceland, Marekani, Norway, Sweden na Urusi zilikubaliana kujadili mazingira na maisha ya wenyeji wa kaskazini. Bunduki zikaachwa mlangoni.

Kwa miaka 25 mambo yalikwenda vizuri. Wasami, Wainuiti na wenyeji wengine walipewa viti mezani pamoja na serikali. Mwaka 2011, mjini Nuuk, nchi zote nane zilitia saini mkataba wa kuokoa watu wanaopata ajali angani na baharini. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine. Tarehe 3 Machi 2022 wenzake saba walisusia vikao, na mwenyekiti wakati huo alikuwa Urusi mwenyewe. Finland ikaingia NATO mwaka 2023, Sweden mwaka 2024. Leo saba wako upande mmoja. Wa nane ndiye mwenye karibu nusu ya pwani ya Aktiki, na manowari zake nyingi za nyuklia zimetia nanga katika rasi ya Kola, jirani na Norway.

Wapo wanaosema ushirikiano wa kaskazini ulikuwa porojo tangu mwanzo. Hao wamwangalie chewa. Samaki huyu hutaga mayai karibu na visiwa vya Lofoten, Norway. Mkondo huyachukua mayai na vifaranga hadi Bahari ya Barents, na chewa wachanga wengi hukulia upande wa Urusi. Mrusi akiwamaliza wadogo, Mnorwei hatawapata wakubwa. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970, nchi hizi mbili hukaa kila mwaka kupanga ni tani ngapi zivuliwe na nani apate kiasi gani. Umoja wa Kisovieti ulivunjika, vikao vikaendelea. Vita vya Ukraine vikaanza, vikao vikaendelea. Kwa mwaka 2025 walishusha kiwango hadi tani 340,000, wavuvi wa pande zote wakafunga mikanda. Hakuna aliyefanya hivyo kwa kumpenda jirani. Kila mmoja alijua kwamba akidanganya leo, kesho nyavu zake mwenyewe zitapanda tupu.

Hata hivyo, kamati ya samaki haiwezi kumuuliza jirani kwa nini manowari yake imetoka usiku. Swali hilo ni la wanajeshi, nao waliwahi kuwa na mahali pa kuliulizia. Mwaka 2012 wakuu wa majeshi wa nchi nane walikutana Goose Bay, Kanada. Mwaka uliofuata wakakutana Ilulissat, Greenland. Mwaka 2014 Urusi ilipoitwaa Crimea, meza hiyo ikakunjwa. Wanazimamoto waliondolewa moshi ulipoanza kufuka.

Hasira ya wale saba tunaielewa, na hatusemi Urusi ikaribishwe kama kwamba hakuna kilichotokea. Wala hatutaki tanbihi ya Ottawa ifutwe: Baraza likianza kujadili makombora, wenyeji ndio watakaokuwa wa kwanza kukosa nafasi ya kusikika. Tunachodai ni meza ya pili, ndogo, isiyo na picha za pamoja wala hotuba. Mezani hapo maofisa waarifiane mapema kuhusu mazoezi ya kijeshi, na kila upande ujue ni simu ipi itapokelewa usiku wa manane meli mbili zikikaribia kugongana kwenye ukungu.

Watu wanaweza kutokubaliana kuhusu nani akae kwenye meza hiyo na lini. Sisi tunashikilia jambo moja: mapatano ya wavuvi yamedumu kwa sababu hawakuyangoja mapenzi. Majenerali nao wasiyangoje.