SEHEMU YA 5: Baba watoto anataka kunyanyua gari? Na wewe uwepo

Wamama wenzangu, na nyie mababa mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona.

Leo siongelei homa wala uji wa lishe. Naongelea gari. Msishangae, mkifika katikati mtaelewa kwa nini nesi kaingia gereji.

Shemeji yenu ana Prado la zamani. Masika iliyopita lilikwama mara mbili njia ya shamba. Tope la huku Rufiji mnalijua, likikushika linabaki na kandambili zako. Tangu siku hiyo kila jioni yuko kwenye simu anaangalia magari ya Australia yanavyopanda mawe. Mwisho akaja na mpango: lipande inchi 4, matairi makubwa, keria juu. Fundi akakubali palepale. Fundi gani anakataa kazi?

Niseme mapema kwamba sipingi kunyanyua gari. Anayekaa Nyamwage anajua, ukishaiacha lami ya kwenda Lindi uko na Mungu wako. Mwaka 2024 tulipata mafuriko ya Aprili, hatujakaa sawa Mei ikaja Hidaya, barabara ikakatika kule upande wa Kilwa, watu wakalala njiani. Gari la chini huku ni mateso. Ninachopinga ni mpango wa wanaume wawili chini ya mwembe, wakati watakaopanda hilo gari ni mjamzito, bibi mwenye magoti mabovu na watoto watatu.

Maana gari kijijini halina mwenyewe. Tuna mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, unapiga 115 bure na unatafutiwa usafiri. Kama ambulensi iko mbali anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Kaeni na hiyo namba jamani. Lakini ukweli tunaujua, uchungu ukianza saa nane usiku jirani anagonga kwanza mlango wenye gari nje. Nimewapokea wengi wa hivyo. Kuna mmoja aliletwa na gari limenyanyuliwa mpaka ilibidi tutafute stuli ashuke, na anatoka damu. Dereva mtu mwema kabisa, kaacha usingizi wake. Ila aliponyanyua gari lake hakuwahi kumfikiria mtu wa namna ile.

Basi nikachukua futi yangu ya kushonea. Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba, nikamwambia panda. Kwa urefu wa sasa alipanda kwa kushika mlango, akihema. Nikaweka matofali kuongeza sentimita 10, ndio hizo inchi 4, nikasema sasa shuka yakiwa pembeni kama kimo kipya... akanitazama tu. "Dada, mimi siruki." Shemeji yenu alikuwa anatuangalia kwenye kibaraza, hakusema kitu.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikaa kiti cha dereva, nikamwomba mdogo wangu asogeze ndoo mbele ya boneti, ndoo ya kimo cha mwanangu wa miaka miwili akichuchumaa. Ilipotea kabisa, ikaonekana tena alipoisogeza mbali. Gari liko kimo chake cha kiwandani hapo. Ukilipandisha, pua inapanda, na lile eneo usiloliona linakua, mbele na nyuma. Watoto wetu wanachezea wapi? Uani, kwenye kivuli cha gari. Jaribuni na nyie hiyo ndoo, haina gharama.

Sasa ya fundi. Nimemuuliza mmoja mtu mzima, mstaarabu, asiyekuwa na haraka ya pesa yangu, akanifungua macho.

Kwanza, springi za gari la zamani huwa zimechoka. Pima toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi, matairi yote manne. Letu nyuma limelala upande mmoja kama limepooza. Springi mpya za kimo cha kawaida zinarudisha sehemu ya kile ulichokuwa unataka kukinunua.

Pili, Prado letu nyuma lina ekseli moja nzima. Ukibadili springi bodi inapanda, lakini lile tumbo la difu linabaki palepale, linalima tope vilevile. Linalolipandisha difu ni tairi kubwa. Yaani unaweza kulipa, ukapanda ngazi kuingia kwenye gari lako, na bado ukakwama shimo lilelile.

Tatu, mbele ukizidisha inchi 2 hivi, draivshafti na boljointi zinafanya kazi zimepinda, zinakufa mapema. Springi ndefu inataka shokapu inayoendana nayo, mipira ya breki isivutike, alaimenti ifanywe upya, na taa zishushwe usije kumpofua mwenzio usiku. Kuweka spesa peke yake na kuondoka sio kunyanyua gari, ni kulitega.

Na gari refu linapinduka kirahisi kuliko fupi. Ongeza keria yenye gunia za mpunga na ndoo za samaki, halafu mbuzi akatize ghafla.

Kuhusu maji nawaomba msikilize. Gari likishanyanyuliwa dereva anapata kiburi. Maji yanayokimbia, hata ya sentimita 30, yanaelea na gari dogo, na yakifika 60 yanabeba magari mengi tu, hata hayo makubwa. Inchi 4 haikupi ruhusa ya kuvuka mto uliojaa na mtoto mgongoni.

Kuna na ugumu wa springi. Wengi wanachukua zile ngumu za kubeba mzigo kila siku. Gari likiwa tupu linarusha. Uliyefanyiwa upasuaji wa uzazi majuzi unajua kila tuta linakwenda wapi. Chagua springi kwa uzito unaobeba siku nyingi, usichague kwa ule unaobeba mara moja kwa mwaka.

Tuligombana kidogo, sitaki kuwadanganya. Eti namdharau mbele ya fundi. Siku mbili hatukuongea vizuri. Siku ya tatu akaenda mwenyewe na ndoo.

Tumekubaliana inchi 2, shokapu mpya zote nne, matairi yenye meno lakini size ileile, na vikanyagio imara pembeni, kimoja nimeshapima kwa mguu wa mdogo wangu. Keria imekataliwa. Bima nao ataongea nao kabla, sio baada.

Springi zinakuja na basi toka Dar, fundi kasema Jumamosi. Sehemu ya 6 nitawaonyesha kwa picha mjamzito afunge vipi mkanda: wa chini upite chini ya tumbo kwenye nyonga, wa juu upite katikati ya matiti. Wenye maswali andikeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku najibu.