Sindano za Kichina zisitufanye tumkimbie daktari wa meno

Maumivu ya jino hayajui mkubwa wala mdogo. Mimi yalinikuta hapa Birmingham, baada ya kupasuliwa ufizi na kung'olewa gego la mwisho. Ganzi ilipoisha sikulala. Na ugenini hakuna shangazi wa kukukorogea uji.

Asubuhi jirani yangu, Mswahili mwenzetu, akaniambia: "Kaka, achana na vidonge, vitakumaliza figo. Nenda kwenye sindano za Kichina." Nikaenda. Nikachomwa shavuni na mkononi, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Kweli nilipata nafuu, lakini jioni maumivu yalirudi. Nikaenda tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne mdomo ukaanza kunuka. Daktari wa meno alipotazama alisema damu iliyoganda kwenye shimo la gego imetoka, mfupa umebaki wazi. Akaniuliza: "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Sikuwa na jibu.

Sisemi tiba hii ni uongo. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na sindano zao si ngeni kwetu. Novemba 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema matokeo yake kwa maumivu ya baada ya upasuaji wa meno yanatia moyo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walichapisha jaribio la watu 39 waliong'olewa magego. Waliochomwa sindano za kweli walikaa wastani wa dakika 173 kabla ya kusikia maumivu. Waliofanyiwa za kuigiza, dakika 94.

Sasa tupige hesabu. Tofauti ni dakika 79, saa moja na ushei, na watu wenyewe ni 39 tu. Huo ni msaada, si muujiza. Ibuprofen na paracetamol, kwa yule ambaye daktari hakumkataza, hupunguza maumivu hayo vizuri na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya basi. Anayetaka sindano aziongeze juu ya dawa, asizifanye badala ya dawa.

Tukumbuke pia kwamba hapa Uingereza sheria haimzuii mtu kujiita mtaalamu wa sindano. Usajili wa halmashauri unaangalia usafi, si elimu. Muulize amesomea wapi kabla hujamnyooshea mkono.

Mimi nilikimbia kwetu kwa sababu wakubwa hawakutaka habari mbaya zisikike. Halafu nikalifanyia taya langu yale yale: lilikuwa linatoa habari, nikalinyamazisha kwa siku tatu. Maumivu yanayozidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua ni taarifa, na anayestahili kuipokea ni daktari wa meno. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.