Mpangaji anajenga jiko, mwenye nyumba anapandisha kodi

BARAKA, Fizi – Familia iliyokimbia vita inapopata nyumba ya kupanga hapa Baraka, inaonyeshwa vyumba kwanza. Jiko linaonyeshwa mwisho, kwa kidole tu: kibanda nyuma ya nyumba, ukuta mmoja umeanguka, manjanja yametoboka, choo kiko hatua chache. "Mtajitengenezea wenyewe," mwenye nyumba anasema. Na kodi haipungui hata franka moja.

Wengi wanaita jambo hili desturi. Ni unyang'anyi.

Tuangalie kinachofuata. Baba anafyatua matofali mabichi, watoto wanachota maji, mama anakanda udongo kwa mchanga na majivu ili usipasuke ukikauka. Simenti inawekwa tu mahali pa kuoshea vyombo, kwa sababu mfuko ni ghali, na barabara ya taifa namba 5 ikiharibika wakati wa mvua bei inapanda tena. Wanainua meko ili makala kidogo yatoshe kuivisha sombe. Wanaacha tundu juu la kutolea moshi, na tundu hilo si urembo: Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani. Wanachimba na mfereji wa maji machafu, maana Fizi inaijua kolera.

Miezi michache baadaye mwenye nyumba anapita, anaona jiko zuri, anasema nyumba imepanda thamani. Kodi mpya! Asiyeweza atoke, mwingine anangoja mlangoni. Tangu Bukavu ilipochukuliwa na M23 mwezi wa pili 2025, wanaotafuta nyumba upande huu wa ziwa hawajapungua, na kabla yao walikuwa wameshafika wa vijiji vya milimani. Kwa hiyo mkimbizi analipia jiko mara mbili: kwanza kwa mikono na pesa yake, halafu kwa kodi.

Wenye nyumba wana neno lao. Wengi wao walikimbia vita vya 1996, wakaishi Nyarugusu kule Tanzania, na kuanzia 2005 wakarudishwa kwa meli kutoka Kigoma wakakuta viwanja vimeota majani. Walijenga kwa jasho, na kodi ndiyo inayolipa shule ya watoto. Ni kweli kabisa. Lakini basi hao ndio wanaojua kuliko wote jinsi mtu aliyefika na godoro na sufuria mbili asivyo na nguvu ya kubishana.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Wapo wanaodai zaidi, na hakuna anayewauliza. Nayo sheria ya mikataba ya 1888, ya zamani hivyo, inamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba iweze kutumika kwa kazi iliyopangishiwa. Nyumba ya kuishi isiyo na pa kupikia inatumikaje? Ukuta wa jiko ulioanguka kabla mpangaji hajafika ni mzigo wa mwenye nyumba.

Wapangaji nao wana kosa: wanaanza kujenga kwa neno la mdomo. Kabla ya tofali la kwanza, pande mbili ziende kwa shefu wa kartie na karatasi moja. Iandikwe hali ya jiko siku ya kuingia, vitu vitakavyonunuliwa na bei yake, kodi ya miezi mingapi itakatwa, na kwamba kodi haipandi mpaka deni hilo liishe. Risiti za dukani zihifadhiwe. Shefu asiombe pesa ya muhuri kwa watu waliokwisha kupoteza kila kitu.

Bila karatasi hiyo, mwisho unajulikana. Siku ya kuhama, mpangaji anapanda juu ya kibanda, anang'oa manjanja aliyonunua mwenyewe na kuyafunga kwa kamba. Mwenye nyumba anapiga kelele kwamba ameibiwa, majirani wanakusanyika, na shefu yule yule anaitwa kuamua manjanja ni ya nani.