Sikukuu ya mwenye duka na sikukuu ya muuzaji

Swali la kama maduka yafunguliwe siku za sikukuu huulizwa Tanzania, kila Desemba na kila mwisho wa Ramadhani, kama swali la mauzo yatakayopatikana au kupotea kwa siku moja, na kwa sababu hiyo wanaolijibu huwa ni wafanyabiashara na wateja wao. Anayesahauliwa ni mtu wa tatu, yaani mwajiriwa anayesimama nyuma ya kaunta. Mwenye duka anayefungua milango yake asubuhi ya Krismasi ameamua kwa hiari, anaijua faida anayoitafuta, na hakuna sababu ya kumzuia. Muuzaji aliyeajiriwa naye amepangiwa zamu. Safu hii inashikilia kuwa tofauti hiyo ndiyo ingepaswa kuwa msingi wa sheria, na kwamba sheria ya kazi ya Tanzania Bara, ambayo katika suala la malipo imezitangulia sheria za nchi zenye utajiri mkubwa zaidi, imeipita tofauti hiyo bila kuigusa.

Siku za mapumziko ya kitaifa zimewekwa na sheria maalumu, Sura ya 35 ya sheria za nchi, lakini hazikuwekwa kwa kusudi moja, na kuzizungumzia zote kwa pamoja huvuruga mjadala. Saba Saba, iliyoanza kama kumbukumbu ya kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, leo ni siku ya biashara yenyewe, inayoangukia ndani ya Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam katika viwanja vya barabara ya Kilwa, na ingekuwa ajabu kuwataka wafanyabiashara wafunge siku iliyotengwa kwa ajili yao. Nane Nane nayo imejengwa juu ya maonesho ya wakulima. Siku za Mapinduzi, Karume, Muungano, Nyerere na Uhuru ni za kumbukumbu ya taifa, na uzito wake umo katika historia inayokumbukwa zaidi kuliko katika ratiba ya nyumbani. Idd el-Fitri, Idd el-Hajj, Krismasi na Pasaka ni za namna nyingine kabisa, kwa kuwa maana yake yote imo katika watu kukusanyika: swala au ibada ya asubuhi, chakula cha pamoja, watoto kuvishwa nguo mpya, wazee kutembelewa. Aliyeyakosa hayo kwa sababu ya zamu hawezi kuyafanya peke yake Jumatano inayofuata, wakati ndugu zake wamekwisharudi makazini na shuleni.

Mei Mosi inastahili kutajwa kando. Siku hiyo ilizaliwa na madai ya kufanya kazi saa nane kwa siku, yaliyoambatana na mgomo na umwagaji damu wa Chicago mwaka 1886, na mkutano wa kimataifa wa vyama vya kijamaa uliofanyika Paris mwaka 1889 ndio uliotoa wito wa kuiadhimisha kila mahali. Kumweka mfanyakazi wa duka kubwa kwenye mashine ya malipo siku hiyo, wakati viongozi wanawahutubia wafanyakazi uwanjani, ni kuwanyima siku hiyo wale wale iliyowekewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inahitaji kusomwa kwa makini hapa, kwa sababu kasoro yake imejificha katika jambo lisilosemwa. Kifungu cha 24 kinalinda mapumziko ya wiki, yaani muda usiopungua saa 24 kati ya siku ya mwisho ya kazi katika wiki moja na siku ya kwanza ya kazi katika wiki inayofuata, na kinamruhusu mfanyakazi kufanya kazi ndani ya muda huo ikiwa tu amekubaliana na mwajiri, na ikiwa atalipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Kifungu cha 25, kinachohusu sikukuu, kinaweka malipo hayo hayo ya mara mbili, lakini sharti la makubaliano halimo. Maana yake ni kwamba mwajiri anayetaka duka lake lihudumiwe katika siku ambayo mfanyakazi hupumzika kila wiki analazimika kwanza kumuuliza mfanyakazi huyo, ilhali anayetaka lihudumiwe siku ya Idd hakuambiwa na kifungu kinachoihusu siku hiyo kwamba aulize. Mapumziko yanayorudi kila baada ya siku saba yamelindwa kwa ridhaa, na siku inayokuja mara moja kwa mwaka imelindwa kwa pesa peke yake. Ni vigumu kuamini kuwa mpangilio huo ulikusudiwa, lakini ndivyo maandishi yalivyo.

Pesa zenyewe zinaweza kuhesabiwa. Mshahara wa msingi, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni sehemu ya malipo inayotolewa kwa saa za kawaida za kazi, bila kuingiza posho, malipo ya saa za ziada, wala nyongeza za usiku, Jumapili na sikukuu. Ukomo wa saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na mwezi huhesabiwa kuwa na wiki 4.333, kwa hiyo mwezi una takriban saa 195. Muuzaji ambaye mshahara wake wa msingi ni Sh195,000 kwa mwezi, kwa mfano, ana thamani ya Sh1,000 kwa saa, na akifanya kazi saa nane siku ya Krismasi hesabu ya siku hiyo ni Sh16,000. Kwa mtu wa kipato hicho kiasi hiki kina maana, na wapo wanaoomba wenyewe kupangwa zamu za sikukuu kwa sababu yake. Inafaa pia kukumbuka kuwa sheria ya shirikisho ya Marekani kuhusu mishahara na saa za kazi, ya mwaka 1938, haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa nyongeza yoyote kwa sababu tu siku ni sikukuu. Bunge la Tanzania lilimwekea mfanyakazi wa duka haki ambayo mwenzake wa huko anaipata kwa hisani ya kampuni au kwa nguvu ya chama chake.

Haki iliyoandikwa, hata hivyo, hupungua njiani kabla ya kumfikia mwenyewe. Katika maduka ambayo ajira ni ya maneno ya mdomo, na hasa kwa vibarua wa kutwa wanaojulikana mtaani kama deiwaka, malipo ya mara mbili hugeuka kuwa posho ambayo bosi huitoa jioni kwa kadiri anavyojisikia, na anayeipokea huishukuru kama zawadi. Mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi, asiyejua mshahara wake wa msingi ni upi kwa sababu analipwa kwa mkupuo, hana pa kuanzia kudai mara mbili ya kitu ambacho hakijatajwa popote. Chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TUICO, kipo na kina wanachama katika kampuni kubwa, lakini duka la watu watatu katika mtaa wa Kongo au Msimbazi liko mbali na chama chochote.

Katika mitaa hiyo ya Kariakoo ndiko mzigo wa sikukuu unakoonekana wazi kuliko mahali pengine. Tarehe ya Krismasi inajulikana mwaka mzima, kwa hiyo zamu zinaweza kupangwa mapema na mtu akajua kama atasafiri au hatasafiri. Idd el-Fitri hungoja mwezi uandame, na tangazo hutolewa usiku, ikiwa ni saa chache kabla ya alfajiri ya sikukuu yenyewe. Usiku huo ndio wanunuzi humiminika kutafuta kanzu, viatu vya watoto, mabuibui na mahitaji ya mapishi, na muuzaji anayewahudumia hadi usiku wa manane hajui, mpaka bosi aseme, kama kesho anatakiwa kurudi. Mama anayeuza nguo za watoto wa wengine saa hizo huenda bado hajapata nafasi ya kuwanunulia wake. Duka likifunguliwa tena asubuhi ya Idd, baada ya usiku wa namna hiyo, hata masharti ya kawaida ya sheria, yanayotaka saa 12 za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, yanakuwa yamevunjwa, achilia mbali heshima ya siku. Mpango wa biashara ya saa 24 uliozinduliwa Kariakoo mwaka 2025 una faida zake kwa wanunuzi wanaotoka nchi jirani na kwa mapato ya jiji, lakini unaongeza umuhimu wa jambo hili, kwa kuwa soko lisilolala linahitaji watu wanaolala kwa zamu zilizoandikwa.

Wanaopinga ukomo wowote wana hoja zinazostahili kujibiwa. Hospitali, maduka ya dawa, vituo vya mafuta, mabasi na migahawa ya wasafiri haviwezi kufungwa, na hakuna anayependekeza vifungwe. Duka la Mangi la mtaani, linaloendeshwa na mwenyewe na familia yake, lina uhuru wake, kama walivyo machinga na mama lishe, ambao siku moja bila mauzo ni siku moja bila chakula. Hoja nzito zaidi inatokana na nchi yenyewe, ambamo Waislamu na Wakristo hufanya kazi bega kwa bega: ipo desturi ya siku nyingi ya kupokezana, Mwislamu akishika zamu ya Krismasi ili mwenzake aende kanisani, na Mkristo akishika zamu ya Idd. Desturi hiyo ni njema kweli, na inastahili kuhifadhiwa kuliko amri ya kufunga kila kitu. Uzuri wake, lakini, unatokana na kuwa ni hiari ya watu wawili waliokubaliana. Mwajiri anapopanga zamu bila kuuliza, au anapokuwa na wafanyakazi wa dini moja tu, desturi hiyo haina pa kusimama.

Hofu ya kupoteza mauzo nayo inazidishwa. Unga, mchele, mafuta na nguo ambavyo havikununuliwa tarehe 25 hununuliwa tarehe 24 au 26, kwa sababu mahitaji ya nyumba hayafi kwa siku moja ya kufungwa. Dar es Salaam yenyewe inalijua hili: kila Desemba wenye maduka wengi wenye asili ya Kilimanjaro hufunga na kwenda Moshi, mitaa hupwaya, na Januari wateja wao huwakuta pale pale. Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi maduka hufungwa asubuhi kwa ajili ya Umuganda, yaani kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi wa jamii, na biashara imekwisha kuzoea. Mwenye duka anayeweza kufunga kwa ajili ya sikukuu yake mwenyewe hana msingi wa kudai kuwa kufunga kwa ajili ya sikukuu ya mwajiriwa wake kutamfilisi.

Nchi nyingine zimeujaribu mpaka huu kisheria. England na Wales, kwa sheria ya mwaka 2004, zilikataza maduka yenye eneo la mauzo linalozidi mita za mraba 280 kufunguliwa siku ya Krismasi, na kuyaacha madogo yaamue yenyewe, kwa kutambua kuwa katika duka dogo anayeamua kufungua mara nyingi ndiye anayesimama kaunta. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tarehe 1 Desemba 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha kanuni ya jimbo la Berlin iliyoruhusu maduka kufunguliwa Jumapili zote nne za kabla ya Krismasi, ikisema kuwa maslahi ya kiuchumi ya wenye maduka na hamu ya kawaida ya wateja kununua havitoshi kuondoa ulinzi wa siku ya mapumziko. Tanzania haihitaji kuiga ukali huo, lakini kipimo cha ukubwa wa duka kinaweza kutumika hapa bila taabu, kwa kuwa supamaketi na maduka ya ndani ya majengo makubwa ya biashara yanajulikana na yana leseni.

Marekebisho yanayohitajika ni mafupi. Kifungu cha 25 kiongezewe sharti la makubaliano ya maandishi, kama kifungu kinachokitangulia kinavyohitaji ridhaa, pamoja na katazo la kumwadhibu anayekataa. Maduka makubwa yafungwe siku ya kwanza ya Idd zote mbili, Krismasi na Mei Mosi. Na maofisa wa kazi wafanye ukaguzi katika wiki za sikukuu, wakati ushahidi bado uko mezani. Zanzibar, yenye Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, ina nafasi ya kufanya hivyo kwa njia yake. Wanunuzi nao wanaombwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wao, la kumaliza manunuzi mapema, kabla ya usiku wa mwisho.

Mpaka Bunge litakapochukua hatua, mfanyakazi aliyeshinda dukani siku ya sikukuu na asilipwe mara mbili ana siku 60 za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.